Nikaomba za Jumamosi

Wiki iliyopita nilikaa siku nzima kwenye tamasha moja la picha za mnato, Mikocheni, nikipitia kazi za wapiga picha chipukizi. Utaratibu ni uleule wa kwenye matamasha mengine: meza, viti viwili, dakika 20, kengele ikilia anakaa mwingine.

Kufika mtu wa nne nilikuwa nimeshachoshwa na machweo. Ngalawa, jua jekundu, mtu amebaki kivuli. Mmoja kaandika chini ya picha yake "Machweo, Coco Beach". Jamani, Coco inaangalia mashariki! Jua pale linachomoza. Nilipomuuliza akacheka, akakiri kuwa ilikuwa alfajiri, ila machweo ndiyo yanayopendwa.

Yanapendwa na nani? Na sisi wa upande huu wa meza, nadhani. Vijana wamegundua tunachosifia, wanatuletea hicho hicho.

Akaja mpiga picha wa harusi kutoka Mbagala. Picha 40, zimesafishwa kubwa, ndani ya albamu nzito. Wamasai, mashua, milango ya Zanzibar. Mwanga safi, kila kitu kikali. Nilipofunga albamu sikukumbuka hata moja. Nikamuuliza Jumamosi alikuwa wapi.

"Kazini tu, kaka. Sendoff."

Nikaomba nizione za Jumamosi. Akasita, akatoa simu. Baada ya maharusi na keki, kumbe alizunguka nyuma ya ukumbi kwa wapishi. Mama mmoja kakalia ndoo iliyopinduliwa, mwiko wa pilau mrefu kama kasia umelala magotini, kanga imelowa jasho. Kageuzia sikio ukutani, anamsikiliza MC wa ndani, anacheka peke yake. Nikaendelea kutelezesha kidole. Kumbi tisa, miaka miwili, kila mara kazunguka nyuma.

"Hizo mteja hanunui," akasema. "Ni za kwangu tu."

Nikamsimulia habari za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948 akipiga picha za wateja, kila mtu na nguo yake nzuri. Kazi ya riziki kabisa. Mwaka 1994 picha hizohizo zikatundikwa Paris. Simaanishi kila mpiga picha wa harusi ni Keïta, na kwenda Paris si kipimo. Ila huyu kijana anaingia mahali ambapo mimi na kamera yangu ya bei mbaya tungefukuzwa, halafu anakuja kunionesha Mmasai aliyemlipa asimame.

Zilibaki dakika sita. Nikamwambia albamu aiache nyumbani, achague 12 za jikoni, aanze na yule mama. Na arudi akamwombe ruhusa, amuulize na jina.

"Jina nalijua," akasema. "Ndiye aliyepika harusi ya dada yangu."