Herufi zikiwa namba

Shangazi alinitumia ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku, ule uliokwisha kusambazwa mpaka umechoka, kwamba neno la Kiingereza computer limebeba 666, namba ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo cha Biblia. Kanuni yake: A ni 6, B ni 12, C ni 18, na kuendelea. Nikachukua kalamu nikajumlisha. Kweli, 666. Nikajaribu na la kwetu, kompyuta, kwa kanuni ileile, nikapata 732. Nikamjibu: shikamoo shangazi, sisi wa Kiswahili tumenusurika. Akaisoma, hakujibu.

Kinachoniudhi si hesabu yenyewe, ni hiyo A kuwa 6. Nani aliwahi kununua hata kitunguu kwa kanuni hiyo? Wagiriki wa kale hawakuhitaji kubuni. Herufi ndizo zilikuwa tarakimu zao: alfa 1, beta 2, iota 10, kapa 20, rho 100, mpaka omega 800. Kwa kuwa herufi zao 24 hazikutosha, walibakiza tatu za zamani zilizokwisha kufa midomoni mwa watu, zikashika 6, 90 na 900. Muuza mafuta ya zeituni aliandika bei kwa herufi zilezile alizoandikia jina lake. Kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla, mwenyewe apende asipende.

Hapo utundu ukaanza. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, mtu alichora kwa Kigiriki kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Basi. Mwenye jina akipita ataelewa, baba yake akipita haambulii kitu. Waliokulia pwani wanaijua kazi hiyo, ndiyo ya maandishi ya kanga: linasemwa mbele ya watu wote, linamfika mmoja.

Na kulikuwa na ukali pia. Nero, kaizari wa Roma, alipomuua mama yake, Roma ikazagaa mchezo wa maneno: Neron kwa Kigiriki ni 1005, na maneno “alimuua mama yake mwenyewe” nayo ni 1005. Nilidhani ni chumvi, nikayajumlisha mwenyewe, kwa Kigiriki ni maneno matatu, 75 na 454 na 476. Yametimia.

Wakristo nao walikuta Iesous, yaani Yesu kwa Kigiriki, ni 888: 10, 8, 200, 70, 400, 200. Kwao nane ilikuwa siku inayofuata ya saba, siku ya ufufuo, na hapa ilijirudia mara tatu. Mimi hilo nalipenda kama ninavyopenda vina vya shairi. Jina unalo tayari, unaliimbia namba yake.

Tatizo ni kwenda kinyume, kushika namba na kumsaka mwenye jina. Ireneo, askofu wa Lyon, aliliona mapema, yapata mwaka 180. Akiizungumzia 666 ya Ufunuo alitaja majina yanayotimia, Euanthas, Lateinos, Teitan, kisha akakataa kumtangaza yeyote, kwa kuwa majina yanayofikia namba hiyo ni mengi. Tena tazama Teitan: bila ile e ya ziada inabaki 661, na mnyama ameponyoka. Tahajia ikivutwa kidogo, yeyote anaingia.

Nilijifanyia jaribio. Amina kwa herufi za Kigiriki: 1, 40, 10, 50, 1, jumla 102. Nikageukia abjadi, yaani hesabu ya herufi za Kiarabu, ambayo ni ndugu wa hesabu ya Kigiriki, maana alif, ba, jim, dal na alfa, beta, gama, delta zote asili yake ni Wafoinike. Bismi, neno la kwanza la Bismillahi Rahmani Rahim, ambayo jumla yake ndiyo ile 786 inayoandikwa juu ya milango ya maduka: 2, 60, 40. Ni 102! Kwa dakika nzima nilijiona nimefunuliwa siri, kumbe nimechanganya mizani mbili na kuchagua iota, yenye 10, badala ya eta, yenye 8, ambayo ingenipa 100. Ningekuwa na wafuasi, ningeshaanza kuchangisha.

Yule wa 545 hajajulikana mpaka leo. Majina yanayofikia hapo hayakosekani, na aliyechora ukuta ule hakuwa anatuandikia sisi.