Keekee Yangu Imevuka Feri

Pazia la sebuleni kwangu upande mmoja limefungwa kwa kamba kwenye msumari, upande wa pili limepachikwa kwenye komeo la dirisha. Limekaa hivyo tangu Ramadhani ya mwaka jana. Kusi ikivuma linapaa mpaka kwenye sinia, na mgeni anayekula pilau huku pazia limemfunika uso akilalamika, mke wangu hautazami upepo. Ananitazama mimi.

Na lau ningekuwa sina zana, ningevumilia. Ninazo, tena kuwashinda mafundi watatu wa hapa Mji wa Kale ukiwachanganya na vikapu vyao. Fundi wa mtaa utamwona na nyundo moja, plaisi moja, na bisibisi ambayo ncha yake ishakuwa kijiko, na mtu huyo anasimamisha nyumba. Mimi nina sanduku la vipande 108 na pazia limenishinda.

Hilo sanduku nililinunua siku niliyotumwa bawaba. Bawaba moja, ya kabati la jikoni. Mwenye hadiwea akalifungua mbele yangu taratibu, kama sonara anayemwonyesha bibi harusi kidani. Kila kipande kimelala kwenye kishimo chake, kinang'aa. Bawaba ikanitoka kichwani. Nyumbani nikahesabu: vipande zaidi ya 80 ni vijincha vya bisibisi, vya nyota, vya pembe tatu, vya maumbo ambayo skrubu zake sijakutana nazo tangu nizaliwe. Mlango wa kabati mpaka leo unafunguliwa kwa kunyanyuliwa.

Na hiyo nyota yenyewe ina siri. Miaka yote nilijua nyota ni nyota, kumbe ziko mbili, Phillips na Pozidriv. Ukizitazama kijuujuu zote ni msalaba. Isogeze hiyo Pozidriv karibu na jicho uone: katikati ya mikono ya msalaba imechorwa vistari vinne vyembamba, kama sharubu za paka. Tia ncha ya moja kwenye kichwa cha nyingine, itateleza, itakwangua, itakula kichwa chote mpaka kibaki kishimo cha duara kinachokucheka. Nimeharibu skrubu za kutosha kujenga jahazi, na zote nilimlaani aliyezitengeneza.

Spana nayo hivyo hivyo. Nati ya mfereji wangu ni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana niliyokuwa nayo ni ya 13. Tofauti yake haizidi nywele chache za kichwani, nikasema basi, si itaingia? Iliingia. Ikazunguka. Ile nati sasa haina pembe hata moja, imeviringana kama kashata, na mfereji unadondoka tone moja moja usiku kucha ukinihesabia makosa yangu.

Lakini nisijifanye. Nazipenda. Ijumaa nikirudi msikitini huzitandika sakafuni juu ya mkeka, nikazipangusa moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kwa sababu bahari ya Mombasa haina adabu: acha msumeno karibu na dirisha siku chache tu, utaukuta umegeuka rangi ya chai ya rangi. Futi nalo huvuta mpaka mita tatu, nikaliachia, likarudi lenyewe: zzzzip! Tak! Sipimi kitu. Mke wangu akipita husema, "Ushapima?" Namjibu ndiyo.

Hiyo keekee sasa. Keekee ya umeme, mashine ya kutobolea ukuta, ina waya mrefu na plagi ya pini tatu. Siku ya kwanza niliibofya hewani tu, vruuu, mtoto wa jirani akalia, nikajiona mtu. Nikachukua chuma cha pazia, nikachukua plagi za ukutani namba 6, vile vijiplastiki vya kushika skrubu, na keekee nikaitia ncha ya milimita 6 ya kutobolea mawe. Hesabu imetimia. Kilichobaki ni ukuta.

Ukuta wetu ni wa kizamani, mawe ya matumbawe na chokaa, mnene hata ukiwa na siri unaweza kuiegemeza hapo. Nilipobofya, plasta ilikubali mara moja. Nyuma yake nikakuta jiwe, jiwe likagoma, nikasukuma kwa bega. Halafu likaachia kwa ghafla, nikaingia mpaka kwenye kiwiko, kwa kusema tu. Vumbi jeupe likamwagika kwenye kochi kama unga wa mahamri, na tundu langu la milimita 6 likawa linaingiza birika. Nikatoboa pembeni yake. Matundu mawili yakaungana. Mreno alianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa mawe ya jamii hiyo hiyo, ngome mpaka leo imesimama, mimi nimeshindwa na tundu la pazia. Nikaziba kwa simenti, nikatangaza kwamba ukuta unahitaji kupumzika.

Wakati ukuta unapumzika, nikaingilia mpangilio. Nilichukua ubao wa plaiwudi nikaupigilia koridoni, kila chombo nikakilaza juu yake na kukichora mzunguko wake kwa kalamu nyeusi: nyundo mahali pake, randa mahali pake, msumeno, patasi, tupa, pima maji. Mke wangu akaja akasimama. "Umechora maiti?" Sikumjibu. Ila vyombo vya dukani vinafanana, na mimi jirani zangu nawajua, kwa hiyo kila kimoja nilikitia alama: nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha. Rangi ilikuwa ya mke wangu. Ilikuwa kichupa kimoja, nikaona nukta tatu zitakula nini? Vyombo vingi, nukta tatu tatu, kichupa kikaisha. Nikakitupa, na vyombo nikavitundika nukta zikitazama ukutani.

Wiki hiyo hiyo dada yangu wa Malindi alikuwa amelala kwetu kwa ajili ya harusi. Rangi ya kucha ilipotafutwa haikuonekana, na macho yote yakamwangukia wifi mtu, ambaye alikuwa na kucha nyekundu. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Niliendelea kunywa. Mpaka leo wawili hao hupeana mikono siku ya Idi kama mabalozi wa nchi zilizovunja uhusiano.

Sasa koridoni ndipo wageni wanapopita kuingia ndani. Nilidhani nimepanga vyombo, kumbe nimefungua duka la bure. "Aa, una randa?" "Hiyo pima maji naiomba nusu saa." Koleo halikutoka hata nje: lilihamia jikoni likapewa kazi ya kutia makaa kwenye seredani, na nukta zake zikaungua, jambo ambalo sikulisikitikia. Patasi ilifungua makopo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuhusu keekee ya kuazima walinyamaza kimya.

Keekee iliondoka na shemeji, kaka yake mke wangu, wa Likoni. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, na naamini ndiyo sababu mali yangu inahamia kusini. Alisema siku mbili. Mwezi wa tatu nikapiga simu: "Shemeji, pole sana, imeungua. Ilitoa moshi." Ningesema nini? Ni damu ya mama watoto. Nikasema Mungu ataleta nyingine. Kwenye ubao ikabaki picha yake nyeusi, bastola bila bastola.

Juzi mke wangu akachoka na pazia, akaita fundi. Akaja kijana mmoja, amebeba mfuko, akagongagonga ukuta kwa ukucha akiusikiliza kama daktari. Kisha akatoa keekee. Kuna kitufe ubavuni chenye kipicha cha nyundo, ambacho mimi siku zote nilidhani ni pambo. Akakizungusha kutoka kwenye nyundo. "Mzee, ukuta huu hautaki kupigwa," akaniambia, "ukipigwa unamegeka. Unautoboa polepole, halafu unautia plagi ndefu." Akapanda ngazi, nami nikaishikilia. Tundu likatoka jembamba, safi, vumbi lake kiganja kimoja.

Alipogeuza mkono kutoboa la pili, nikaona tumbo la keekee. Nukta tatu nyekundu.

Nikataka kupiga ukelele, mali yangu hiyo! Mdomo ukafunguka ukajifunga. Nikisema ni yangu, nitaulizwa naijuaje. Nikisema naijua kwa nukta, nitaulizwa nukta za nini. Bora nilipe hiyo mia tano ya ufundi nitobolewe kwa keekee yangu mwenyewe, nilale kwangu.

Mke wangu akaingia na chai ya fundi. Akainua macho.

"Fundi, hii mashine ni yako?"

"Hapana, mama. Naikodi Likoni kwa jamaa mmoja, mia mbili kwa siku. Nzima kabisa, haijawahi kuleta shida."

Akasogea mpaka chini ya ngazi. Akazitazama zile nukta, akazitazama kucha zake, kisha akanitazama mimi, polepole, kama mtu anayepima maji.

"Shika ngazi, mzee, inayumba," fundi akasema.

Nikaishika kwa mikono miwili. Mke wangu akaweka sinia la chai chini, akachukua simu, akabofya namba na kuiweka sikioni. Ikawa inaita. Na mimi pale chini, vumbi linaniangukia kichwani, sijui anampigia nani: kaka yake wa Likoni, au dada yangu wa Malindi.