Dawa za kupanua mishipa: mwili nao haukai kimya

Mwandishi wa makala ya dawa za presha zinazopanua mishipa ya damu kaeleza vizuri kwamba dawa hizi zinalegeza mishipa, inapanuka na presha inashuka, ila kaishia njiani. Mwili haujui kama umetibiwa bana, wenyewe unaona presha imeshuka unadhani kuna hatari, basi moyo unaanza kwenda mbio na figo zinashikilia chumvi na maji, ndo maana mtu akipewa haidralazini au minoksidili (ni dawa za kundi hili) peke yake anaweza kulalamika moyo unamdunda, kichwa kinamgonga, na uzito unapanda kumbe ni maji tu. Ndo daktari anaongeza beta bloka ya kutuliza moyo na dawa ya kukojoza.

Amlodipini, nayo dawa ya presha ya kupanua mishipa, ni kesi nyingine, inavimbisha miguu. Jioni unavua soksi unakuta alama imezama, ukibonyeza kwenye kifundo cha mguu kishimo kinabaki. Watu wanakimbilia kusema figo zimekufa, mara nyingi wala sio (kapime lakini), ni vile mishipa midogo inayoleta damu imepanuka kuliko ile inayoirudisha, presha ya ndani inasukuma maji yanavujia kwenye nyama. Hapo dawa ya kukojoza haisaidii sana, daktari anaweza kupunguza dozi au kuongeza dawa nyingine za presha za jamii ya enalaprili.

Minoksidili nayo inaotesha nywele hadi usoni, ndo ikaja kuwa dawa ya upara hahaha.

Mngegusia na wanaochanganya nitrati (dawa za maumivu ya kifua ya moyo, nazo zinapanua mishipa) na Viagra, presha inaporomoka mtu anazimia kabisa.