Pikapu Ilivyofika Kwenye Busaa Kabla ya Wazee

Agosti ya mwaka wa tohara, boma la Mbukusu mwenye kijana wa kutahiriwa halitoshelezwi na kuni. Wali na nyama havina shida; mlaji wa kuni ni busaa, pombe ya kienyeji. Unga wa mahindi uliochachuka lazima ukaangwe kwenye bati pana hadi ubadilike rangi, ndipo uende kwenye maji na kimea cha wimbi. Bati hilo halichemki kwa vijiti.

Kwa mulamwa wangu, yaani shemeji, nje kidogo ya Kimilili, magharibi mwa Kenya, lilikuwepo lundo la mkaratusi uliokatwa tangu Krismasi. Mkaratusi hupasuliwa ukiwa mbichi, shoka likiingia vizuri. Ukikauka, nyuzi zake zilizojipinda hushikana, shoka likizama halitoki. Nikamshauri anunue kabari mbili na nyundo ya kilo 4, atafute vijana wawili wenye mgongo, waanzie pembeni mwa gogo na si katikati.

“Mulamwa,” akasema, “wewe ni fundi wa magari na bado unaniambia habari za nyundo?”

Mashine ya kupasua kuni ya umeme tuliiona mjini: wati 2200, nguvu ya tani 7, inafaa gogo la sentimita 25 lisilo na vifundo. Tatizo ni waya. Kutoka nyumba kubwa hadi kwenye lundo ni mita 40, na ekstensheni yake ni ile nyembamba ya redio. Mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishazunguka. Volti zinaishia njiani, mota inanguruma imesimama, waya unanuka. Ya petroli nayo, muuzaji aliapa ina tani 30. Nikapima silinda: kipenyo cha ndani, sentimita 10. Pampu imeandikwa bar 200, yaani kama kilo 200 kwa kila sentimita mraba. Uso wa pistoni basi ni sentimita mraba 78 na ushee. Zidisha, unapata tani 16.

“Hizo 14 nyingine ziko wapi?”

“Zinaamka injini ikipata moto.”

Kusema kweli tani 16 zingetosha kabisa. Bei ndiyo iliyomrudisha mulamwa nyumbani, akiwa na wazo baya zaidi: koni yenye meno ya skrubu aliyochongewa na fundi wa jua kali, ya kufungwa mahali pa gurudumu la nyuma la pikapu. Unainua upande mmoja kwa jeki, unaweka gia, koni inajizamisha kwenye gogo hadi linafunguka. Kifaa hicho hufanya kazi. Pia hushika koti, shuka na mkono bila kubagua, kwa hiyo mimi nilisimama mbali na kutoa maagizo kwa sauti.

La kwanza: breki ya mkono iachiwe, kwa sababu inashika magurudumu ya nyuma na koni haitazunguka. La pili: kwa kuwa breki haipo, magurudumu matatu yaliyobaki yawekewe mawe mbele na nyuma. Mulamwa aliweka mawe mbele tu. “Gari linaenda mbele,” akanielimisha.

Koni aliifunga upande wa dereva. Meno ya kawaida, yale ya kukaza kulia, upande huo hayaingii kwa gia ya kwanza, yanajifungua. Koni ikazunguka ikisugua maganda kwa upole. Kabla sijamaliza kumweleza, mulamwa alishapanda, akatia rivasi, akashuka kwenda kusukuma gogo. Mawe yakabaki mbele. Ndani ya gari hakuna mtu.

Na kati ya magogo yote alichagua panda, pale mti unapogawanyika matawi mawili. Koni ikaingia nusu, ikanasa. Gogo likageuka, likagonga ardhi, likakataa kuendelea. Hapo ndipo difu, gia zinazogawia magurudumu mawili ya nyuma mwendo, ilipofanya kazi yake. Upande mmoja ukizuiwa, mwendo wote huhamia upande wa pili, tena kwa kasi maradufu. Na upande wa pili ulikuwa tairi zima lililokanyaga ardhi. Dizeli haizimiki ovyo. Pikapu ikashuka kwenye jeki, ikaanza kurudi nyuma ikiburuta gogo kama mbuzi anayevuta kigingi chake, na kwa sababu gogo liliishika upande wa kulia, nyuma ikapinda kulia, moja kwa moja kuelekea jikoni.

“Kukhu, toka!” nikampigia nyanya kelele. Kukhu alitoka na mwiko. Busaa haikutoka.

Mitungi mitatu ilipasuka kwa bampa. Mtungi wa nne ulisalimika kwa kuwa gogo lilijikaza chini ya chesisi, na injini ikazima.

Kuitoa koni haikuwa kazi: jeki nyingine, mawe pande zote mbili za kila gurudumu, gia ya kwanza, ikajifungua yenyewe. Dramu ya breki ilikuwa imepata ufa, na jeki ya kwanza ilikuwa imepinda kabisa. Mulamwa alikabidhiwa nyundo na kabari na Kukhu mwenyewe, ambaye alivuta kiti akakaa kuhakikisha anaanzia pembeni.

Jioni wazee walifika kukagua maandalizi. Kuka, yaani babu, akatia mrija kwenye mtungi uliobaki, akavuta, akafikiri, akaitazama pikapu iliyoegemea ukuta wa jikoni na bampa likinuka chachu.

“Hii iko sawa,” akasema. “Lakini huyo msimpe tena.”