Dona, sembe na debe la mchango

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi hapa Dodoma ugali upi ni bora, wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, au wa sembe, unga wa yaliyokobolewa, atakujibu kabla hujamaliza swali: dona. Mwalimu atampa vema, na ni haki yake. Lakini mama yake, ambaye jioni hiyo hiyo atajitwisha mahindi kwenda kuyakoboa, anabaki kuonekana mjinga wa lishe, mtu anayelipa hela mashineni ili aondolewe vitamini. Huyu mama, naona, amehukumiwa haraka mno, hasa katika mikoa hii ya kati.

Ubishi wenyewe si wa jikoni tu siku hizi. Shule nyingi zinatoa chakula cha mchana kwa michango ya wazazi: kila kaya inaleta debe lake la mahindi, yanamwagwa pamoja stoo, halafu kamati inaamua yasagweje. Anayetaka dona ana hoja mbili, afya na uzito. Ukikoboa gunia, sehemu kubwa, pengine robo nzima au zaidi, inabaki mashineni kama pumba. Anayetaka sembe kwa kawaida husema watoto hawalipendi dona, lina rangi mbaya, linakwaruza koo. Ukisikiliza hoja hizo peke yake, dona linashinda bila jasho. Shida ni kwamba hoja nzito ya upande wa sembe haisemwi kikaoni.

Kwanza tulipe dona haki yake. Punje ya mahindi ina ganda, ina kiini, na ina sehemu kubwa ya wanga. Kiini ni kama sehemu moja ya kumi ya punje, lakini ndimo yalimo mafuta karibu yote, protini iliyo bora zaidi, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Ganda lina nyuzinyuzi. Mashine ya kukoboa inavua ganda na kung'oa kiini, na kinachobaki cheupe kile ni wanga kwa sehemu kubwa. Mtoto anayeshinda na sembe na mlenda mwembamba kila siku amepunjwa, hilo halina mjadala. Nchi ambayo kwa utafiti wa 2022 asilimia 30 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa haina anasa ya kutupa kiini cha mahindi.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao kitabu cha sayansi huupita kwa mstari mmoja wa "hifadhi chakula mahali pakavu". Katikati ya mwaka 2016, watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuumwa ugonjwa uliowachanganya madaktari: macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa maji. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyokula, mahindi ya kawaida ya nyumbani. Wakenya walikuwa wameshaonja msiba huo huo mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125.

Sumukuvu hii, ile ya aina ya aflatoksini, hutengenezwa na kuvu anayependa mimea iliyoteseka. Mahindi yakipigwa na jua la Februari mvua ikiwa imekata, punje ikapasuka, mdudu akatoboa, kuvu anaingia mahindi yakiwa bado shambani. Hivyo anayesema "sisi Dodoma ni pakavu, kuvu ni tatizo la watu wa pwani" amekosea mara mbili. Ukame wenyewe ndio unaofungua mlango, na unyevu wa ghalani unakuja kumalizia kazi.

Hapa ndipo somo la kemia lingefaa kweli darasani. Watoto wanafundishwa kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, na wanaondoka na imani kwamba moto unasafisha kila kitu. Kuvu atakufa kwenye sufuria, ndiyo. Sumu aliyoiacha si kiumbe hai, ni kemikali, na inahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, wakati maji ya ugali hayavuki sana 100. Songa utakavyosonga, itakuwemo. Na kiasi chake ni kidogo mno kwa jicho na ulimi. Kiwango kinachoruhusiwa hapa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Piga hesabu: gunia zima la kilo 100 haliruhusiwi kuzidi miligramu 1 ya sumu hiyo, uzito wa punje chache za chumvi ya mezani. Ndiyo maana mtu anaweza kula mahindi meupe, yasiyo na harufu, na ini likaumia taratibu kwa miaka, hasa kama tayari ana virusi vya homa ya ini B, maana viwili hivyo vikikutana hatari ya saratani huongezeka kwa kishindo.

Je, sumu hiyo inakaa wapi kwenye punje? Kwa sehemu kubwa, kwenye kiini na ganda. Palepale palipo na vitamini. Kuvu naye anajua chakula kizuri kilipo. Mama anayechagua mahindi kwenye ungo, akatupa yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi, akayakoboa, akayaosha, akayaloweka, akayaanika upya ndipo akasaga, ameondoa sehemu kubwa ya sumu bila kuwa na maabara. Hata kama anachotafuta yeye ni ugali mweupe wa kumpa mgeni, mikono yake imefanya kazi ya afya. Kumwambia tu "acha kukoboa" bila kumuuliza mahindi ameyatoa wapi ni ushauri wa nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoua.

Kuna jambo la pili, dogo kidogo. Madini ya chuma na zinki yaliyomo kwenye dona hayafiki yote mwilini, kwa sababu ganda na kiini vina faiteti, kemikali inayoyashika madini hayo tumboni yasifyonzwe. Jedwali la virutubisho linahesabu kilichomo kwenye unga, si kinachoingia kwenye damu. Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo: togwa. Kimea na uchachu huvunja faiteti. Lakini ugali wa dona wa haraka haraka hauchachushwi na mtu.

Nisije nikaonekana wakili wa mashine za kukoboa. Sembe lina deni lake, na deni hilo linanikera kuliko mengine yote: pumba. Sumu iliyovuliwa kwenye unga haikuyeyuka hewani. Imo kwenye gunia la pumba lililokaa mlangoni pa mashine, likisubiri mfugaji. Kuku wakila, wanadumaa na kupunguza kutaga. Ng'ombe akila, ini lake linaigeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa aina nyingine, na sehemu ndogo inatoka kwenye maziwa. Maziwa hayo anapewa nani? Mtoto yule yule tuliyemkobolea unga. Kuchemsha maziwa hakusaidii, kwa sababu ile ile ya ugali. Na mwaka wa njaa, ambao hapa kwetu si hadithi, pumba huliwa na watu. Kwa hiyo kukoboa kunamwokoa mwenye hela ya sembe, halafu sumu inashuka chini kwa mnunuzi wa pumba na kwa kaya iliyoishiwa. Sijawahi kusikia kikao cha wazazi kikiuliza pumba za shule zinauzwa kwa nani.

Wapo wanaosema suluhisho ni unga uliorutubishwa viwandani. Koboa, kisha rudisha chuma, zinki na vitamini. Kanuni zipo tangu 2011 na wazo ni zuri. Ila mahindi ya vijijini yanasagwa kwenye mashine za mtaani, si kiwandani, na debe la mchango halipiti soko la nafaka la Kibaigwa wala kwenye kiwanda chochote.

Turudi kwenye hilo debe basi, kwa sababu ndilo linalonifanya niegemee upande niliouegemea. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Kaya moja ikila mahindi yake mabaya, inaumia kaya moja. Shule ikichanganya madebe mia mbili ikasaga dona, debe bovu moja linagawanywa kwenye sahani za watoto wote. Huenda kiasi kikapungua kwa kuchanganywa, huenda kisipungue vya kutosha, hakuna anayepima. Na tuseme ukweli, mahindi ya mchango si yale mzazi aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu. Mara nyingi ni ya chini ya kihenge.

Mahindi ambayo hayajulikani yalikotoka na hayajachaguliwa, afadhali yakobolewe, na pengo la virutubisho lijazwe kwa maharage, kunde na mboga. Dona lisubiri mahindi yanayoaminika: yaliyokauka shambani bila kuguswa na mdudu, yakaanikwa juu ya turubai badala ya udongo, yakahifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo cha awali ni cha shilingi mia chache. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Haipimi sumu, inapima mlango wa kuvu, lakini ni jaribio ambalo darasa la tano lingeweza kulifanya siku ya kupokea michango, langoni mwa stoo, na mwalimu wa sayansi akapata kipindi kizima cha unyevu na chumvi bila kununua kifaa.

Kinachobaki kigumu ni debe likikataliwa. Mzazi aliyeambiwa "mama, haya yarudishe" hatayatupa. Yatarudi kwenye chungu chake, au yatakwenda kwenye pombe, na pombe haiondoi sumu yote. Kamati inayokataa debe lazima iwe na kitu cha kukubali badala yake, na hapa Ugogo kitu hicho kipo. Uwele na mtama vinastahimili ukame wetu kuliko mahindi, na kwa kawaida havivamiwi na sumukuvu kwa kiwango cha mahindi, japokuwa navyo vikilala na unyevu vitaota kuvu. Shule nyingi hudai mahindi tu kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Debe la uwele lihesabiwe sawa na debe la mahindi, na mzazi asiye na chochote kati ya hivyo apewe zamu ya kuchagua mahindi ya wenzake kwenye ungo.