Sufu kwenye belo, pamba kwenye robota

Belo la nguo za baridi likifunguliwa asubuhi pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, siku hizi mikono inakimbilia lebo kwanza. Vijana wanaouza tena kwa simu wanatafuta sweta za sufu, yaani manyoya ya kondoo, na wenye meza wameshajua, bei imepanda. Wiki iliyopita mama mmoja alinithibitishia kwa kiberiti kwamba sweta lake ni la sufu. Alichomoa uzi kwenye pindo, akauchoma. Ukanuka nywele zilizoungua, majivu yakasagika vidoleni. "Ingekuwa plastiki, kaka, ingeyeyuka ikaganda kama shanga," akasema.

Duniani sufu bado ni kitu kidogo, takriban asilimia 1 ya nyuzi zote zinazozalishwa, wakati poliesta, uzi wa plastiki, peke yake imevuka nusu. Wanaoirudia wengi wamechoka kuvaa plastiki. Sisi wa ziwani tuna sababu ya kuchoka zaidi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza, ukathibitisha plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya watano. Poliesta ilikuwamo. Nguo ya poliesta ikifuliwa ufukweni huacha vinyuzi visivyooza. Vya sufu huoza.

Halafu kuna wavuvi wa dagaa. Hao huingia ziwani usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na wanaporudi alfajiri kwenye soko la samaki la Mwaloni utawaona wamejikunja kwenye fulana zilizolowa, meno yanagongana. Pamba ikilowa hushika maji na kuukalia mwili baridi. Sufu hunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, na hata ikilowa hubakiza joto. Kwa mvuvi kama huyo, sweta la mtumba la sufu lina thamani kuliko kwa yeyote anayelivaa ili apigwe picha.

Lakini sufu ina masharti yake. Unywele wa kondoo una magamba madogo. Ukilifua sweta kwa maji ya moto na kulisugua kama jinzi, magamba yananasana na sweta la baba linamtosha mtoto wa darasa la pili. Nondo nao hulitoboa likikaa sandukuni. Sweta zinazosifiwa kwamba zinafulika kwa mashine, nyingi zimepitishwa kwenye klorini na kupakwa utando wa plastiki, kwa hiyo anayeikimbia poliesta asome lebo hadi mwisho. Kondoo wenyewe hucheua gesi ya methani. Na Australia, inakotoka sufu nyingi laini ya kondoo aina ya merino, wafugaji wengi bado hukata ngozi ya makalio ya mwanakondoo kuzuia funza wa nzi. New Zealand ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 2018.

Kinachonisumbua zaidi kipo karibu. Nimesikia watu wakisema tufuge kondoo wa sufu huku Kanda ya Ziwa. Kondoo wetu ni wa nywele na mkia mnene, wanafugwa kwa nyama, na merino, mwenye manyoya mazito, hustawi zaidi kwenye nchi kavu kuliko kwenye joto lenye unyevu. Wakati huohuo Magu, Kwimba na Misungwi wanalima pamba. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa Mwanza miaka ya 1960 ili pamba hiyo isokotwe na kufumwa hapahapa, ilhali hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inatoka nchini ikiwa marobota ghafi. Sababu zote zinazompeleka mtu kwenye sufu, yaani uzi wa asili, unaopumua na kuoza, pamba inazo, isipokuwa hilo la joto ukilowa. Na mbali na wavuvi wa usiku, ni wangapi Mwanza wanahitaji joto hilo?

Kwa hiyo mvuvi apate sufu yake ya mtumba, na nguvu ya viwanda tuielekeze kwenye pamba. Tuanze na sweta za shule. Mtaani kwetu kuna dada anayezifuma kwa mashine ya mkono, na uzi wake ni akriliki, plastiki nyingine. Nilimuuliza kwa nini asitumie pamba. Alinionyesha rafu yake, rangi kumi na mbili za uzi, akasema amezunguka maduka yote anayoyajua mjini na uzi wa pamba wa kufumia hajaupata.