Wenzo Mgumu Si Breki Kali

Katika mabishano ya kuifunga breki za diski na umeme wa kisasa pikipiki ya zamani iliyojengwa upya, anayebadilisha huonekana mtu wa usalama, na anayebakiza breki ya ngoma huonekana mtumwa wa urembo. Wa kwanza ana hoja. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza huwa mara nne. Ngoma ikipata moto hupanuka na kuzikimbia shuu (vipande vinavyoisugua kutoka ndani), wenzo wa breki unaobanwa kwa vidole ukazidi kushuka. Diski haina ugonjwa huo, na Honda hawakuiweka mbele ya CB750 mwaka 1969 kwa pambo.

Ila huyu wa pili hasikilizwi vya kutosha. Ngoma nyingi zinazolaumiwa hazijawahi kurekebishwa sawasawa. Shuu mpya zisipochongwa kufuata mviringo wa ngoma hugusa sehemu ndogo tu. Kwenye ngoma ya kamu mbili (vyuma vinavyozungushwa kuzisukuma shuu), fimbo inayoziunganisha ikikosewa urefu, shuu moja inafanya kazi na ya pili inasindikiza. Mkono wa kamu nao unatakiwa uwe karibu nyuzi 90 na kebo pale breki inaposhika. Ukipita hapo, nguvu ya vidole inapotea bure.

Tena watu wa ngoma wanaona breki kama mfumo mzima, si kifaa cha kubandika. Kaliperi (kibanio cha pedi za diski) kali ya upande mmoja huisokota foku nyembamba, na spoki zilizolegea hazisamehe. Kisha kuna mastasilinda, pampu ya wenzo inayosukuma mafuta hadi kaliperi, ambayo wengi huinunua kwa sura. Ya milimita 14 ina eneo la takriban mm² 154. Ya milimita 16 ina mm² 201. Kwa kaliperi ileile na wenzo wenye uwiano uleule, kubwa inatoa shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 23. Kwa maneno mengine, vidole vitalazimika kubana kwa asilimia 31 zaidi ili pikipiki isimame vilevile. Balaa ni kwamba kubwa ndiyo inayofanya wenzo uwe mgumu kama ubao, na mnunuzi akaondoka ameridhika: ugumu ule anaudhania ukali. Kipenyo kikiwa kidogo mno, nacho, wenzo unagusa mshiko kabla pedi hazijabana. Jumlisha kwanza eneo la bastola za kaliperi, ndipo uchague mastasilinda. Asiyetaka kupiga hesabu hiyo, heri abaki na ngoma yake.

Kwenye umeme, watetezi wa uasilia nawaunga mkono nusu tu. Waya zilizokauka hazina heshima yoyote ya kulinda. Balbu ya halojeni inayopata volti 12 badala ya 13.5, kwa sababu umeme wake unapita kwenye swichi zilizochoka, hupoteza takriban theluthi ya mwanga. Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), waya wa mm² 2.5 na fyuzi ya ampea 10 vinatosha kuurudisha. Fremu iliyopakwa rangi ya unga haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ipewe waya wake wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri. Indiketa za LED zinataka flasha ya kielektroniki; ile ya zamani inategemea mzigo wa balbu. Na kwenye pikipiki za Uingereza ambazo chanya ya betri ndiyo ethi, pima kabla ya kuunga chochote: moduli iliyogeuzwa huungua papo hapo.

Moduli ya kuwasha plagi inaondoa kazi ya kurekebisha platini (vigusio vinavyofungua na kufunga umeme wa koili), lakini betri ikidhoofika wakati wa kupiga stata, moduli nyingi hunyamaza mapema kuliko platini. Ikifa njiani haina msasa wa kuifufua. Kama koili ni ileile ya awali, bamba la akiba la platini lenye kondensa yake, mwanya ukiwa umeshapimwa kwa kipimo cha injini husika, linaenea chini ya kiti. Koili ya ukinzani mdogo ikishafungwa njia hiyo haipo tena, maana itaziunguza platini.